Jembe Lililolazwa Maharage Yakichanua

Ninaikumbuka siku ile ya Desemba niliyotoka hospitali ya Kabanga, macho yangu yakiwa na rangi ya ndizi mbivu, nikaingia duka moja la Kasulu kujinunulia vita.

Ndiyo, mwanangu, vita. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, katika ile miaka ya sabini baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya barabarani. Daktari alikuwa ameniambia kwamba nina ugonjwa wa manjano, na kwamba dawa yake kubwa ni kulala. Nilale likizo nzima, nile vizuri, nisishike jembe. Kwetu sisi, kumwambia mtu asishike jembe mwezi wa palizi ni kumwambia asiwe mtu. Nilitoka pale nikiwa nimekata tamaa, nikijiona tayari ni mzigo kwa wazazi.

Mwenye duka aliitwa Mzee Seifu, mtu wa Pwani aliyehamia Kasulu na maneno yake yote ya Pwani. Nyuma ya gunia la chumvi alikuwa na rundo la vitabu vya Kiingereza vya habari za vita, vilivyoachwa na mwalimu mmoja wa kigeni aliyerudi kwao. Alivinunua apate karatasi za kufungia chumvi. Kimoja kilikuwa kimefunguka penye ramani, na juu ya ramani kulikuwa na mishale myeusi ikivuka mito na kupanda milima. Nikainama kutazama, nikasahau kwamba kichwa kinaniuma.

"Mwalimu," akasema, "wenzio wakiugua hununua glukosi."

Nikamwambia glukosi nitanunua pia. Akanichagulia vitatu ambavyo havijachanwa, akanifungia kwa kamba, akaniombea nipone kabla sijafika kwenye kurasa za mauaji.

Acha nikueleze kwa nini nilivipenda, maana hata mama aliniuliza na sikuweza kumjibu vizuri. Mgonjwa hajui kinachoendelea ndani ya mwili wake. Leo ana nafuu, kesho anatapika, na hakuna anayemwambia sababu. Lakini katika vitabu vile kila kitu kilikuwa na sababu. Jeshi hili lilishindwa kwa kuwa lilichelewa mtoni. Lile lilishinda kwa kuwa lilitangulia kukamata kilima. Mshale ulitoka hapa ukafika pale. Kwangu mimi, niliyekuwa nashindwa hata kutoka kitandani kwenda uani, mishale ile ilikuwa faraja.

Basi nikafika nyumbani, kijijini kwetu upande wa Kumsenga, nikalazwa chumba chenye dirisha la kuelekea shamba. Asubuhi nilisikia majembe ya watu wote isipokuwa langu. Nilijifunika blanketi, nikasoma. Mama alipoleta uji nilimsimulia habari za jemadari wa kale aliyevusha tembo milimani penye barafu.

"Na hao tembo walikula nini huko?" mama akauliza.

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Basi huyo mwandishi hajawahi kufuga," akasema, akaondoka na bakuli lake. Nilicheka mpaka ubavu ukaniuma.

Baba hakucheka. Alikuwa akipita mlangoni, anatazama kitabu, anapita. Ni lazima nikuambie habari zake kidogo. Baba alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, na alipelekwa kupigana Burma, ambapo wao wenyewe walipaita Bama. Alirudi na koti zito na kikohozi, wala hatukuwahi kumsikia akisimulia lolote. Aisifuye mvua imemnyea, na yeye iliyomnyea hakuisifu wala hakuilaani.

Ila alikuwa na jambo lake moja. Kila mwaka, siku aliyoona ua jeupe la kwanza katika maharage yake, alilichukua jembe akalilaza ubavu chini ya upenu, akakaa chini bila kuoga, wala hakula mpaka jioni. Huko kwetu mtu akifa, majembe ya jirani wote hulala. Anayelima maiti ikiwa ndani huyo amemtukana marehemu na waliobaki. Kwa hiyo tulijua baba anaomboleza, lakini hatukujua anamwomboleza nani. Tukiwa watoto tulidhani kila baba ana siku kama hiyo.

Zamani, tulipokaa mbali mbali mabondeni, jambo lake halikumsumbua mtu. Kijiji kilipokuja, kukawa na shamba la kijiji, na siku za kazi zikapangwa. Mwaka uliotangulia ua lilichanua siku ya kazi, baba akalaza jembe, watu wakanung'unika. Mwaka ule wa ugonjwa wangu mwenyekiti wa kijiji akawahi kuja kabla maharage hayajachanua. Alikuwa kijana, nilisoma naye darasa moja, na nikuambie ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza hali, akamgeukia baba.

"Mzee wangu, wanasema una msiba hapa kila mwaka. Wa nani?"

"Rafiki yangu. Alifia Bama."

Mwenyekiti akafikiri. "Vita vile mimi nilikuwa sijazaliwa, mzee. Huyo si ameshakuwa udongo?"

Basi yule kijana akaeleza shida yake, na mimi nikimsikia kutoka kitandani niliona ana haki. Alisema, nipe siku aliyokufa, nitasimama mkutanoni niseme siku hii ni ya kumbukumbu ya mzee, asiguswe. Lakini siku inayotafutwa kwenye maua, kila mtu atakuja na marehemu wake na ua lake. Baba asipoitaja siku mkutanoni, watu watamwita kupe. Na wakati ule, mwanangu, kuitwa kupe, mnyonya jasho la wenzake, halikuwa neno la mzaha. Mtu aliyeitwa hivyo hakusalimiwa kisimani.

Alipoondoka, baba aliingia chumbani kwangu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakuwahi kufanya hivyo tangu nilipovunja ungo.

"Mwalimu," akasema. Aliniita hivyo kwa utani siku zote, lakini siku hiyo hapakuwa na utani. "Katika hizo vita zako, Bama imo?"

Ilikuwemo. Kitabu cha tatu chote kilikuwa cha Bama. Nikashika kitabu kama mtu aliyeokota ufunguo, nikamwambia anieleze, nitaipata siku.

Akanieleza. Rafiki yake aliitwa Bulushi, mtu wa Kakonko. Waliandikishwa pamoja, wakalala hema moja. Kulikuwa na mto mpana wenye maji ya rangi ya udongo, na mvua ambayo hajaiona tena hapa duniani. Bulushi alipigwa risasi ukingoni, wakiwa wamekwisha kuvuka. Baba alikuwa na sepetu mgongoni, ile ndogo ya askari. Akaishusha aanze kuchimba. Ofisa akasema twende. Akasema mara ya pili. Baba akairudisha sepetu mgongoni, akaenda.

"Nilikuwa nayo mkononi," akasema. "Ardhi ilikuwa laini, hata mtoto angeichimba."

Vita vilipoisha alikwenda Kakonko kwa mama yake Bulushi. Yule mama hakuuliza mengine, aliuliza siku tu, ili ajue jembe lake lilale lini. Baba hakuijua. Kule siku zilikuwa zimechanganyika, mvua na usiku na homa. Akatazama nje akaona maharage ya yule mama yamechanua, akasema, "Ilikuwa wakati kama huu." Basi kila mwaka wakawa wanalaza majembe wawili, yule mama kule Kakonko na baba huku kwetu. Yule mama alipofariki, baba akabaki peke yake.

Nilitafuta mpaka kesho yake, mwanangu, na homa imepanda. Nikaupata ule mto. Nikaupata na mwezi. Habari yote ilikuwa sentensi moja, nami nikamfasiria baba kwa Kiswahili: askari wa kutoka Afrika walivuka mto katika juma lile bila upinzani mkubwa. Baada yake ilifuata habari ya daraja, jinsi lilivyojengwa, kurasa nzima.

Baba akaniomba nimshike kidole nikiweke mahali penyewe. Nikakiweka juu ya mshale.

"Huu ni sisi?"

"Ndiyo, baba."

Akaufuata kwa kidole kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. "Umenyooka," akasema. "Sisi hatukunyooka."

Nikaona aibu, ingawa kitabu sikukiandika mimi. Nikamwambia, baba, chagua siku yoyote ya juma hili. Nitaiandika, nitamwonyesha mwenyekiti kitabu, Kiingereza hakijui vizuri. Hakuna atakayebisha.

Akatikisa kichwa. "Nilimpa mama yake maharage badala ya siku kwa sababu sikuwa na kingine. Sitamwongezea mwanawe uongo mwingine." Kisha akasema maneno ambayo hadi leo ninayo. "Mwalimu, nimekusikia siku hizi ukicheka na vitabu vyako. Sikukatazi. Mgonjwa haulizwi uji. Aliyeandika hiki hakudanganya, alikuwa mbali tu. Lakini wewe uko karibu. Ukifika mahali wamesema walivuka, simama. Usivuke nao upesi."

Siku ya mkutano mama aliniegemeza kwenye dirisha la mbele, kwa kuwa watu walikutana penye uwanja mbele ya nyumba zetu. Mwenyekiti akamwuliza baba siku. Baba akasimama na lile koti lake zito kwenye jua, akasema siku haijui, anajua jina tu, Bulushi, mtu wa Kakonko. Mtu mmoja nyuma akasema, "Marehemu wa maharage!" na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya sana. Walikuwa wamechoka, na mtu aliyechoka huchekea chochote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenyekiti akasema basi, mzee atafika shambani kama wengine. Baba akajibu atafika. Alikuwa na mke, na binti mgonjwa aliyehitaji jirani wa kumchotea maji.

Ua likachanua. Nililiona mimi wa kwanza, kutoka kitandani, dogo, jeupe, limelowa. Nikatamani nisilione. Baba alilitazama kwa muda, kisha akatwaa jembe lake begani. Sikuwahi kumwona akilibeba siku ile ya mwaka. Kabla hajaondoka alikuja dirishani.

"Jembe lako liko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia liko nyuma ya mlango, halijaguswa tangu nije.

"Wewe ni mgonjwa. Lako likilala, hakuna wa kukuuliza." Akatazama barabarani. "Basi lilaze kwa ajili yake."

Akaenda kulima siku ya msiba wake.

Mama alilitoa jembe langu, akalilaza ubavu chini ya upenu, mahali pa lile la baba. Nikajikokota nje nikaketi chini. Sikuoga. Uji nilioandaliwa, uji ambao daktari alinisisitizia, niliuacha ukapoa. Kutoka shamba la kijiji nilisikia majembe, na miongoni mwake lilikuwamo la baba, nisiweze kulitofautisha na mengine. Jioni alirudi akalilaza jembe lake kando ya langu. Nadhani siku ile kitu kilikatika ndani yake ambacho Bama haikukikata.

Hakuliona ua jingine. Kile kikohozi kilimchukua kabla ya mvua zilizofuata. Majembe ya kijiji yalilala kwa ajili yake siku zote zilizostahili, hata la mwenyekiti, hata la yule aliyecheka. Mimi nilipona. Ugonjwa uliodhaniwa utaniua ndio ulionipa nafasi ya kufanya jambo moja la maana kwa baba, na sijui kama hilo ni la kushukuru au la kulilia.

Tangu hapo, maharage yakichanua, mimi hulaza jembe kwa ajili ya watu wawili, mmoja ninayejua alikozikwa na mmoja ambaye hajazikwa. Siku hizi magoti hayaniruhusu kukaa chini muda mrefu. Watoto niliowazaa wako mijini, wananunua maharage kwa kilo, hawajui ua lake. Nikiondoka, sioni nani atamkumbuka Bulushi. Ndiyo maana wewe unayenisoma nimekuandikia jina lake. Siwezi kukuahidi kwamba litadumu. Karatasi nazo hufungiwa chumvi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukiugua, usijionee aibu kwa kulala, wala usijinyime kitabu kinachokuchangamsha, hata kama ni cha vita. Soma, cheka, wauguzi wako wafurahi. Lakini vita havina macho, na aliyeviandika mara nyingi alikuwa na ramani tu. Kila utakapokuta jeshi limevuka mto kwa sentensi moja, weka kidole hapo, ujiulize nani alibaki ukingoni na nani huko kwao anauliza siku. Hutapata jibu. Uliza hivyo hivyo. Na ukimkuta mzee ana jambo lake asiloweza kulieleza mkutanoni, usimdai tarehe.

Mungu akupe nguvu za kushika jembe miaka mingi, akupe na moyo wa kulilaza inapobidi. Na siku yako itakapofika, iwe siku ambayo wanao wanaijua.