Wimbo wa Neema kwenye Turubai

Chumba cha michezo cha Papa Justin, pale mtaa wa Mapendo mjini Goma, kilinuka petroli ya jenereta na soksi zetu, maana viatu vilikatazwa juu ya turubai. Chini ya turubai alificha vitufe vinne. Kwenye kompyuta mishale ilipanda ikifuata muziki, na ukikanyaga kitufe chake kwa wakati unapata alama. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mlima ulikuwa umetema moto majuma machache yaliyopita, waasi walitawala mji, nasi watoto tulikuwa na furaha isiyo na adabu.

Dada yangu Neema alikuwa amerekodi wimbo wake mwenyewe kwenye kaseti, kwa gitaa la kuazima. Redio ziliukataa, akaanza kusema ataacha kuimba. Niliogopa sana; nyumba yetu bila sauti yake ingekuwa jiko bila moto. Nikamwomba Papa Justin auingize kwenye mchezo. Akacheka: “Mutu anachezaka wimbo yenye anajua. Ya dada yako, nani anaijua?” Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa, hawakumjua Papa Justin. Nilimsumbua mpaka akachomeka redio ya kaseti kwenye kompyuta, akaniachia kazi ya kupanga mishale.

Mishale hupangwa kwa mkono: unasikiliza, na kila pigo unagonga kitufe. Nilikwenda vizuri hadi kwenye kiitikio, ardhi ikatetemeka, vidole vyangu vikagonga ovyo. Sikusimama. Goma ya siku zile, nani aliacha kazi kwa sababu ya tetemeko dogo? Basi katikati ya kiitikio ikaingia mvua ya mishale isiyo na pigo lolote.

Kesho yake Mama Kavira, jirani yetu muuza viazi, alipanda turubai kucheza, akafika kwenye mvua ile ya mishale, akaruka kwa miguu yote miwili, akapiga kelele za furaha. Watoto wakapanga foleni. Papa Justin alitaka kusahihisha kosa langu.

“Papa, usifute! Pale njo patamu!” Mama Kavira akamkemea.

Jumapili Neema alisimama mlangoni, akasikia chumba kizima kinaimba kiitikio chake huku kinahema. Alilia, nami nikalia, na habari ya kuacha kuimba haikutajwa tena.

Siku hizi wanangu hucheza wamekaa, simu mkononi, nyimbo tele kuliko watakazowahi kuzisikiliza. Sinung’uniki, kila zama na watu wake. Redio bado hazimjui Neema. Lakini juzi, pale soko la Kituku kando ya ziwa, muuza samaki nisiyemfahamu alikuwa akiupiga wimbo ule kwa mluzi. Nikamwuliza ni wa nani.

“Ni ya kwetu, mama,” akanijibu.

Nilisahau samaki, nikaenda kumwambia dada yangu.