Nyaya Mbili Sokoni Machochwe

Katikati ya miaka ya hamsini baba yangu mdogo aliuza fahali akanunua redio. Mkewe alimnunia, kwa hiyo akaamua kwamba redio hiyo lazima ijilipie. Aliiweka dukani kwake Machochwe, akaiunga kwenye betri ya gari, kisha akavuta waya juu ya nguzo za miti hadi maduka ya jirani, kila duka na spika yake. Wenye maduka walimlipa kidogo kila mwezi, na soko zima likawa linasikia habari kutoka Dar es Salaam, watu wapende wasipende.

Kisha akatokea mfanyabiashara wa upande wa Sirari, mwenye ndugu Kenya na redio kubwa zaidi. Naye alitaka kuvuta waya. Kibali cha bomani alikuwa nacho, lakini kwetu hicho hakikutosha. Ilibaki ritongo, mkutano wa wazee, na wazee wangeweza kukubali waya mmoja, au nyaya mbili, au kuamuru nyaya zote zing'olewe. Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha baba mdogo raha, maana fahali mwingine hakuwa naye.

Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu Kampala, nimejaa nadharia za uchumi kama gunia la ulezi. Aliponiomba nimsemee, nilikubali haraka kuliko adabu inavyoruhusu.

Niliwaamkia wazee, nikaeleza kwamba soko dogo haliwezi kulisha watu wawili, na kwamba aliyetangulia ndiye aliyebeba hasara ya kuanza. Niliendelea hivyo mpaka mzee mmoja aliyekuwa akichokoa meno akaniinulia kijiti chake.

"Kijana, umemaliza au umepumzika?"

Watu wakacheka. Nikasema nimemaliza.

"Vizuri. Siku ya msiba, kitu hicho kinanyamazaje?"

Nadharia zangu hazikuwa na msiba ndani yake. Baba mdogo akanijibia, akimwita mzee tata, yaani baba, kwa heshima. "Nakizima mimi, tata. Pale dukani."

"Nilipomzika dada yangu ulikuwa wapi?"

"Mugumu, tata."

"Na duka?"

"Nilikuwa nimelifunga."

"Na redio?"

Baba mdogo akakohoa. "Ilikuwa ndani."

"Ilikuwa ndani inaimba! Sisi tunachimba kaburi, yenyewe inalia mapenzi."

Mgeni wa Sirari hakuhutubu. Alifungua mkoba, akatoa swichi ndogo ya ukutani. "Wazee wangu, shikamooni. Kila spika yangu itakuwa na hii, ukutani kwa nje. Mwenye msiba anakwenda duka lililo karibu naye, anabonyeza, kwisha. Hata mimi nikiwa Nairobi."

Swichi ikazunguka mkono kwa mkono. Kila mzee aliibonyeza, wengine mara mbili, kwa furaha ambayo taarifa ya habari haikuwahi kuwapa. Uamuzi haukuchelewa: wote wawili wakubaliwe, mmoja upande huu wa njia ya ng'ombe, mwingine upande ule, na spika isiyo na swichi ifikapo gulio lijalo, waya wake ukatwe.

Gulio lilikuwa karibu, na Musoma, kulikouzwa swichi, mbali. Nyumbani baba mdogo alifinyanga tonge lile lile la ugali bila kulila.

"Kanunue kwake," mkewe akasema.

"Kwa yule?"

"Si ana kasha zima? Au unangoja zichipue shambani?"

Nikajitolea kwenda naye kupatana bei. "Wewe kula," akaniambia, bila hasira.

Alirudi jua linazama, swichi zimefungwa kwenye leso, anacheka peke yake. Mgeni alikuwa amemuuzia kwa bei aliyonunulia, kwa sharti moja. Nguzo alizokwisha kuzisimamisha zilikuwa zimeanza kuliwa na mchwa, na za baba mdogo zilikuwa bado nzima. Alitaka aonyeshwe ni mti gani huo usioliwa na mchwa.

Asubuhi wakaenda porini pamoja, wakibishana redio ipi ina sauti nzuri. Mimi nilifuata nyuma na shoka, kazi ambayo hatimaye wote wawili walikubaliana kwamba naiweza.