Ziwa Alilolichagua Teresiah

Mwaka ule wa ukame, themanini na nne, Teresiah Wangu hakuwa mtu wa kukaa karibu naye. Alikuwa akiketi kwenye mashine yake ya kufumia sweta pale soko la mtaa wa Jericho, Nairobi, anafuma mkono mmoja wa sweta ya shule, anainuka, anakwenda kuchungulia barabara, anarudi, anakuta amepoteza hesabu ya mishono, anafumua. Wateja walidhani ni njaa, maana siku zile kila mtu alikuwa akila ugali wa unga wa mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka nje na kila tumbo lilikuwa na malalamiko yake. Haikuwa njaa. Lilikuwa neno moja lililomkaa kooni tangu mwezi wa nne, halipandi wala halishuki.

Mwezi wa nne ndipo Andati, mume wa jirani yake, alipopewa barua ya kustaafu kwenye kiwanda cha rangi kule Industrial Area. Mtu wa Maragoli, kule magharibi, akistaafu haulizwi ataishi wapi. Anafunga mizigo, anarudi kwao, na mke anarudi naye. Mke mwenyewe ni Kageha, mama yake Javan, na ukuta wa chumba cha Kageha ndio uliokuwa ukuta wa chumba cha Teresiah kwa miaka kumi na minane. Huyu akikohoa upande wake, yule alimwambia pole kutoka upande wa pili. Teresiah alipofiwa na mumewe, Kageha ndiye aliyelala naye wiki tatu nzima, akamlazimisha kula, akamfokea alipokataa kuoga. Watu husema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Teresiah alikuwa na ndugu sita huko Gatanga na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfokea kwa namna hiyo. Sasa Kageha anaondoka, na Teresiah alitaka kumwambia neno moja tu: baki.

Lakini utamwambiaje mke wa mtu asimfuate mumewe? Majirani wangesema nini? Na tena Kageha mwenyewe alionekana kufurahi. Kila jioni habari ilikuwa ni nyumba mpya ya mabati, ni ng'ombe, ni migomba nyuma ya jiko. Teresiah aliitikia, "Vizuri, vizuri sana," kisha akaingia kwake na kuanza kusogeza viti ambavyo havikuhitaji kusogezwa.

Ikabaki Jumapili moja. Na Jumapili kwa wanawake hawa wawili ilikuwa na jambo lake.

Kageha alizaliwa juu ya kilima. Asubuhi isiyo na ukungu, ukisimama uani kwa mama yake, uliliona ziwa kubwa kwa mbali, mstari mwembamba tu unaong'aa. Alikua akiutazama mstari huo na hakuwahi kuufikia. Aliolewa, akaletwa Nairobi, basi. Siku moja alimsimulia Teresiah, na Teresiah, mtu asiyejua kutulia hata siku za raha, akamwambia, "Kwani Nairobi hakuna maji?" Tangu hapo, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, wakitoka kanisani, huyu kwa Wapresbiteri na yule kwa Wakweka, walikwenda kuyatafuta maji. Walikwenda Uhuru Park kutazama watu wakipiga makasia kwenye kile kiziwa cha kuchimbwa. Walikwenda Nairobi Dam, Wazungu wakicheza na mashua zao za tanga, wao wakila mayai ya kuchemsha kwenye nyasi. Walikwenda kwenye mashimo ya mawe kule Njiru, ambako mvua hujaza machimbo na yangeyange hushuka kunywa. Yote ni maji yaliyowekwa na mikono ya watu, lakini ndege hawaulizi nani alichimba, na Kageha hakuuliza pia.

Walikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, walichagua kwa zamu, na anayechagua haulizwi. Anabeba chupa ya chai, mwenzake anabeba chakula na kumfuata kama kondoo. Ya pili, wakifika, Kageha anavua viatu na kutia miguu majini kabla ya kitu kingine chochote. Teresiah, mtoto wa mlimani aliyeogopa hata karai lililojaa sana, alishika viatu.

Zamu ya Jumapili ya mwisho ilikuwa ya Teresiah, na hapo ndipo usingizi ulipompaa. Ampeleke wapi? Mvua ya masika haikunyesha. Machimbo ya Njiru yalikuwa mawe matupu. Nairobi Dam ilikuwa imerudi nyuma ikaacha matope yaliyopasuka. Alizunguka wiki mbili, akifunga kibanda mapema, akipanda basi hili na lile kwenda kukagua maji kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Kila alipofika alikuta vumbi. Ndipo akakumbuka. Mwezi wa sita alikwenda mazishi upande wa Kangundo, amesimama nyuma ya lori la kanisa, na kabla ya kufika Ruai aliona kwa mbali, chini kule mbugani, maji. Si dimbwi. Maji mapana, yamejaa mpaka ukingoni, yanametameta, na ndege juu yake wengi hata usingeweza kuwahesabu. Katika ukame ule! Mtu mwingine angejiuliza maji hayo yanatoka wapi wakati nchi nzima inalia kiu. Teresiah hakujiuliza. Alisema Mungu ni mwema.

"Mama Javan, kesho uvae viatu vya kutembea," alimwambia Kageha Jumamosi jioni.

"Kwani ni mbali?"

"Anayechagua haulizwi."

Walishuka basi mbele ya Njiru, wakashika njia ya ng'ombe katikati ya mbuga iliyokauka. Teresiah alitangulia, chupa ya chai kwapani, haraka haraka, kama mtu aliyechelewa kortini. Kageha nyuma alihema.

"Mama Ndung'u, hiyo maji inakimbia? Si itatungojea?"

Teresiah hakupunguza. Neno lake lilikuwa likipiga hodi kwenye meno kwa kila hatua, naye alijiambia: tukifika nitasema. Tukishaketi, nimeshammiminia chai, nitasema. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka nyuma yao. Mara mbili uligeuka kidogo, na Kageha akakunja pua.

"Kuna kitu imekufa?"

"Ni ng'ombe," Teresiah alisema. "Ukame umeua ng'ombe wengi."

Kisha wakapanda ukingo wa udongo, na maji yakawa mbele yao. Kageha alishika kifua. Hata Teresiah, aliyekuwa na roho juu tangu alfajiri, alisahau kuhema. Lilikuwa bwawa refu, na nyuma yake jingine, na jingine, yamepangwa na kingo katikati yake. Mabata mwitu walielea makundi kwa makundi. Korongo walisimama kwa mguu mmoja. Mwari wanne, wakubwa kama mbuzi, walitelemka pamoja wakapasua maji kwa vifua. Ndege wote waliofukuzwa na ukame walikuwa wamehamia hapa.

"Mama Ndung'u," Kageha alisema polepole. "Wewe. Hii umeitoa wapi?"

Teresiah alijisikia raha. Alitandika leso, akaipanga upya, akaihamisha hatua tatu, akairudisha. Kageha alikuwa ameshavua viatu. Alishuka ukingoni, amekunja sketi mkononi, mguu mmoja umekwisha nyanyuka juu ya maji.

Firimbi ililia.

"Nyinyi wamama! Toka hapo! Usiguse hiyo maji!"

Mtu alikuja mbio juu ya ukingo, koti la kaki linapepea. Alikuwa askari wa mahali pale, Mkamba wa makamo, jina lake Nzuki kama walivyokuja kujua. Aliitazama leso, akaitazama chupa ya chai na mayai, akawatazama wao kwa huruma ya mtu anayetakiwa kuleta habari za msiba.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tumekuja kutembea," alijibu Teresiah kwa ukali. "Tunaangalia ziwa. Kuna makosa?"

"Ziwa gani, mama?" Nzuki alikuna kidevu. "Hii si ziwa. Hii ni maji ya choo. Ya Nairobi karibu yote. Inakuja na bomba, inalala hapa, ile uchafu inashuka chini, inaingia kwa ile ingine, na ile ingine, mpaka inakuwa safi. Nyinyi mmetoka wapi?"

"Jericho," alisema Kageha, mguu bado hewani.

"Basi hata yenu iko hapo ndani."

Upepo ukachagua dakika ile ile kugeuka sawasawa. Hakukuwa na ng'ombe wa kusingiziwa tena.

Kageha aliushusha mguu kwenye nchi kavu, akamtazama Teresiah, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini. Alicheka akigonga ardhi kwa kiganja. "Woi! Mama Ndung'u! Umenipandisha basi shilingi ngapi, tuje kuangalia choo yetu!" Nzuki naye alishindwa, akageuka pembeni, mabega yakitikisika.

Teresiah hakucheka. Alisimama na vile viatu mkononi, uso ukimwaka. Majuma mawili ya kuzunguka, Jumapili ya mwisho ya miaka kumi na minane, na amemleta mwenzake chooni. Alitaka ardhi ipasuke. Machozi yakatoka bila ruhusa.

"Nimekuharibia," alisema. "Nilitaka uende na kitu kizuri. Nimeharibu."

Nzuki alikohoa, akawaambia kwamba bwawa la mwisho kule mbele maji yake yametulia, halinuki, na ndege huko ni wengi zaidi. Waketi juu ya ukingo, mradi wasiguse kitu. Akaenda zake kwa adabu.

Waliketi huko. Teresiah alimimina chai, akainuka kukung'uta leso, akaketi, akainuka kutazama kama Nzuki anawaona.

"Keti!" Kageha alimfokea. "Tangu mwezi wa nne huketi. Unaingia kwangu unatoka. Nikikuambia habari ya mabati unasema vizuri sana, kama karani. Miezi yote hii, hujaniuliza hata siku moja kama nataka kwenda."

Teresiah aliketi. "Unataka?"

"Sitaki."

Mwari mmoja alipaa, akazunguka, akatua tena.

"Na hizo ng'ombe? Na migomba?"

"Nilikuwa nasema ili wewe uniambie nyamaza. Wewe unasema vizuri sana. Nikajua basi, huyu hata hanihitaji. Ametuchoka."

"Mama Javan." Neno likatoka lenyewe, bila kupambwa. "Baki."

Kageha alifumba macho. Alishika kikombe kwa mikono miwili, mvuke ukimpanda usoni.

"Ungesema mwezi wa tano," alisema. "Javan angeandikiwa nyumba yetu ya Jericho, mimi nibaki nimpikie mpaka aoe. Andati mwenyewe aliniuliza. Aliniuliza mara mbili. Nikamwambia hakuna kitu kinanishika hapa. Wiki jana ofisi ya nyumba imeipeana kwa mtu mwingine. Javan amepata kitanda kwa rafiki yake huko Makadara."

Teresiah aliangalia mikono yake, ile mikono isiyojua kutulia, ikiwa imelala mapajani kama si yake. Hakuna kitu cha kusogeza, hakuna mahali pa kukimbilia. Jumanne saa moja asubuhi basi la Kisumu lingeondoka, na Kageha angekuwa ndani.

"Sema tena," alisema Kageha.

"Nini?"

"Hiyo ya kubaki. Sema nisikie vizuri."

Na Teresiah akasema. Akasema mara ya pili, na Kageha akamhimiza kwa kichwa, naye akasema mara ya tatu, kwa sauti, na bata waliokuwa karibu na ukingo wakashtuka wakaruka.