Saluti ya Mkono wa Kushoto

Mwaka 2022, katika kiangazi cha Julai, nikiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, vijana watatu wenye makopo ya rangi ya kupuliza walianza kuuchora ukuta wangu wa Naguru miraba ya chaki bila hata kubisha lango. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 4. Kuandika nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na minne, katika darasa la watu wazima, na tangu hapo hakuna tarehe niliyoiacha ipite bure.

Niliwauliza ni nani aliyewatuma. Mkubwa wao, mwenye suruali iliyochanwa magotini kwa makusudi, alinijibu bila kushuka ngazini.

"Mama, usijali. Cheamani amesema hii ni zawadi yako."

"Ukuta huu ni wa cheamani?"

"Ni ya watu wote, mama. Sisi tunaleta rangi, mtaa inapata uhai."

Nilikuwa nimeishi hapo miaka thelathini, na sikuwahi kusikia kwamba mtaa umekufa.

Mwenyekiti wa mtaa, huyo cheamani wao, alifika kabla ya adhuhuri, akitoa jasho na tabasamu. Alinieleza kwamba wafadhili fulani walitaka picha za mashujaa wa mtaa, na kwamba wa kwanza angekuwa marehemu mume wangu, aliyelitumikia jeshi la polisi hadi cheo cha sajenti. Kwa miaka miwili na zaidi tangu nimzike, hakuna aliyekuwa amenitajia utumishi wake, na heshima iliyochelewa hivyo haifukuzwi langoni. Niliwaruhusu waendelee.

Kazi yao niliitazama kutoka barazani. Mmoja alichora, wawili wakampiga picha akichora. Kisha walibadilishana, ili kila mmoja apate picha yake akiwa amekunja uso kama mwenye mawazo mazito. Sahihi zao walizimaliza siku ya kwanza, kila herufi ikiwa na kimo cha mbuzi, kabla shujaa mwenyewe hajapata pua. Walizungumza sana kuhusu ujumbe. Ujumbe wenyewe sikuusikia.

Hata hivyo, Alhamisi sura ilitokea, na ilikuwa yake. Nilitoka nje nikasimama mbele yake kwa muda mrefu. Kovu la nyusi lilikuwa upande usio wake, nami sikushtuka, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kumwona kiooni asubuhi, nikisimama nyuma yake akinyoa ndevu. Usiku huo sikuhitaji kumkumbuka kwa bidii.

Jumamosi, tarehe 9, waliufunika ukuta kwa shuka, wakaalika watu, wakahutubia. Mwenyekiti alivuta shuka. Mume wangu alionekana mwili mzima, mwenye sare na medali, akiwapigia saluti wapita njia kwa mkono wa kushoto.

Kwetu, jirani na kota za polisi, mtoto anayejifunza kutembea huanza kupiga saluti kabla hajajifunza kusema maji, naye huipiga kwa mkono wa kulia. Watu walitazama mikono yao wenyewe. Kisha koplo mmoja mstaafu, aliyewahi kulinda lindo moja na mume wangu, akajongea, akakakamaa, akainua mkono wake wa kushoto.

"Afande sajenti! Huko ulikokwenda wamekufundisha gwaride jipya?"

Kota nzima ilicheka. Mwanamke mmoja alicheka hadi akaketi chini.

Nilidai kuiona picha waliyoiiga. Kijana alinipa simu yake, na picha hiyo niliitambua. Mwaka 2020, matangani kwangu, mwenyekiti alisogea kwenye picha ya marehemu akipiga saluti, iliyokuwa mezani kando ya mishumaa, akajipiga picha pamoja nayo, meno nje. Simu ya mwenyekiti iligeuza kila kitu, kulia kukawa kushoto. Baadaye alijikata yeye mwenyewe kwenye picha, akawapa wachoraji kilichobaki. Nao, walionihubiria kuhusu jicho la msanii, walihamisha mraba baada ya mraba bila kujiuliza medali zinakaa upande gani wa kifua.

"Mama, mkono ni mkono," kijana alisema. "Sanaa haina kulia na kushoto."

"Basi kesho vaa viatu vyako hivyo hivyo," nilimjibu.

Waliahidi kurekebisha. Waliongeza mkono wa kulia, wakapaka rangi juu ya ule wa kushoto. Mvua ya Agosti ikaufichua tena. Watoto wakampa mume wangu jina la polisi wa mikono mitatu, wakawa wanapita langoni wakimpigia saluti kwa mikono yote, wengine kwa mguu. Nilipeleka shauri langu kwenye baraza la mtaa.

Shauri lilikatwa Jumapili, tarehe 16 Oktoba 2022, chini ya naibu mwenyekiti, kwa kuwa mwenyekiti ndiye aliyekuwa mshtakiwa. Mwenyekiti aliomba radhi akitazama viatu vyake. Baraza liliamua kwamba ukuta ni wangu na kwamba wachoraji waupake rangi nyeupe siku hiyo hiyo. Yule mkubwa wao aliinua mkono.

"Mama, tuache hata kichwa. Kichwa kilitoka vizuri. Wewe mwenyewe nilikuona unasimama pale kila asubuhi."

Watu wote waligeuka kunitazama. Alisema kweli, na kwa ukweli huo nilimdharau zaidi.

"Mume wangu alikuwa sajenti," nilisema. "Hakuwa kichwa. Pakeni."

Nikatia sahihi yangu kwenye uamuzi, jina kamili na tarehe, nikaenda kuwasimamia. Walianza na viatu wakapanda juu. Rangi ya kwanza ilipokauka, macho yake yalikuwa bado yanaonekana chini ya weupe, na yule kijana akanigeukia, brashi mkononi.

Nikamwamuru apake tena.