Baraka ya Babu na Ufunguo wa Ukumbi

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinisahihishe. Mimi sikwenda shule, lakini kikundi cha maigizo cha hapa Singe nimekiongoza tangu mama yako hajaolewa.

Tulikuwa wakulima watupu, hakuna aliyejua kuigiza, na wengi hawajui mpaka leo. Mazoezi tulifanyia zizini kwangu. Masika yalipoanza, kila aliyepangiwa kufa katika mchezo alifia kwenye samadi, na mwishowe hakuna aliyekubali kufa tena. Bila ukumbi wa kata, kikundi kingevunjika.

Ofisa wa kata akatuwekea sharti: tucheze mchezo wa kukemea ulevi mbele ya wananchi, akiridhika, atatupa ufunguo. Mlevi wetu aliigizwa na mzee wa kanisa, mtu asiyewahi kuonja hata tone la pombe. Mimi nilikuwa mkewe, na mwiko wa ugali niliutumia kwa dhati mgongoni mwake.

Siku yenyewe tuliponzwa na adabu zetu. Kwetu, shughuli haianzi kabla mkubwa wa ukoo hajaibariki. Hujaza pombe ya asali kinywani, kisha huwapulizia watu. Babu, mkubwa wa ukoo wetu, hakuwa bahili. Nguo zilitunata mwilini.

Mchezo ukaenda vizuri. Ofisa akapanda jukwaani kutupongeza kwa kutushika mikono, akanusa, akakunja uso.

"Mama, mnakemea ulevi nanyi mmelewa?"

"Tumebarikiwa, mwanangu."

"Hata mzee wa kanisa?"

"Huyo kabarikiwa zaidi. Alisimama mbele."

Watu wakaangua kicheko. Ofisa akakasirika: "Basi ufunguo hamtaupata!"

Babu akasikia baraka yake ikiitwa ulevi. Akapiga funda kubwa kutoka kwenye kibuyu, akapanda jukwaani taratibu. Ofisa, kijana aliyelelewa vizuri, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

Babu hakuitikia; kinywa kilikuwa kimejaa. Baraka ikamshukia ofisa usoni, ikateremka kwenye tai hadi kwenye kitambulisho chake cha kazi. Akina mama wakapiga vigelegele. Kuikataa baraka ya mzee mbele ya kata nzima ni jambo asilolithubutu hata mwenye diploma.

Ofisa akanusa mkono wa shati lake.

"Mama," akaninong'oneza, "mchana huu nina kikao na mkurugenzi."

"Mweleze kama nilivyokueleza mimi."

Kicheko kikamshinda. Akatoa ufunguo mfukoni, akanikabidhi, kisha akaomba maji ya kunawa.