Umaru Abebwa Mpaka Asahau Miguu

Zulaika alikulia Koboko akichota maji na kusuka vifuniko vya vyakula, na tangu aachishwe ziwa hakubebwa na mtu. Akaolewa na Tahiru, fundi cherehani wa Arua. Mwaka 1973 serikali ikampa Tahiru duka la vitambaa walilonyang'anywa Wahindi waliofukuzwa nchini, na nyumba yao ikaanza kunukia pilau. Ndugu wana pua, jamani! Mashangazi wakashuka kutoka Koboko na mikeka yao, wakisema wamekuja kusaidia kulea mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa mmoja tu, Umaru. Kila aliyekula alitaka aonekane anambeba, basi Umaru akawa anahamishwa mgongo hadi mgongo tangu alfajiri. Mali huleta maziwa, sikatai, lakini huleta na migongo. Akafikisha miaka miwili, mashavu tele, hajapiga hatua hata moja. Hirizi akafungwa, mafuta ya simsim akapakwa, wapi! Zulaika akawa halali kwa hofu kwamba mwanawe ni kiwete.

Jirani yao Martine, Mkongo aliyekaanga mandazi mbele ya nyumba yake, alikuwa na Basile, rika la Umaru. Basile alikuwa mwembamba wa kutia huruma, ila kuku wote wa mtaa walimkoma kwa mbio. Siku moja Zulaika akampelekea Basile maziwa, Umaru kiunoni.

"Mama Umaru, weka yeye chini, saidia mimi kutoa hii sufuria," Martine akasema. "Mafuta inaungua!"

"Chini? Vumbi iko mingi!"

"Mikono yangu iko mbili tu. Kwangu watoto yote inakaa chini."

Zulaika akamweka, akashika sufuria. Basile akamaliza maziwa, akampokonya Umaru andazi alilopewa na Martine, akatoka mbio. Umaru akalia, akanyoosha mikono, akingoja mgongo. Shangazi hayupo, na mama mikono yake imeshika sufuria ya moto. Akashika benchi, akainuka, akayumba, akamfuata mwizi wake.

Zulaika akatua sufuria, akapiga magoti njiani, mikono wazi, machozi yanamtoka. Mtoto akampita kama hamjui. Ilimuuma kidogo, lakini alicheka.

Jioni akawaambia mashangazi, "Kutoka kesho, pilau ni ya mwenye kupika. Kubeba mtoto imekwisha."

Basi la asubuhi la kwenda Koboko lilijaa.