Nilimnunulia mama siga, mdogo wangu anataka niseme ulikuwa utani

Admin, jina langu lifiche, ila kisa changu usikipunguze.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, fundi cherehani hapa Kisesa, nina watoto wawili na ninaishi na mama yangu mzazi. Siandiki ili mnionee huruma. Kulia nimeshalia, yameisha. Sasa nimekasirika, na nataka watu wasio ndugu zangu wanisikilize.

Mama yangu anavuta siga. Sisemi sigara za pakiti, nasema yale manene ya kahawia ambayo mtu anavuta moja taratibu kwa saa nzima. Yeye ni mtu wa Mara, na bibi yake alikuwa anasokota tumbaku na kuvuta bila mtu kushangaa. Siga alizijulia Mwanza mjini, kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi alikofanya kazi miaka mingi baada ya baba kufariki. Jumamosi wakishafunga, mzee anawasha yake, anampa mama moja, wanakaa wanaongea habari za watoto wao. Kazi hiyo ndiyo iliyotusomesha mimi na mdogo wangu, nimwite Eliya. Mzee alishafariki. Mama amebaki na siga moja kila Jumapili, akiipata. Mlio tayari kuniandikia kwamba tumbaku inaua, mama anajua, daktari alimwambia, na ndiyo maana akapunguza mpaka hiyo moja. Hilo silo ninalouliza.

Mwezi uliopita mama alitimiza miaka sabini. Eliya ana kazi nzuri ya ofisini na amechumbia, akasema sherehe itafanyika kwake Buswelu, na yeye atamnunulia mama runinga kubwa. Mimi runinga siwezi. Nikakaa nikajiuliza mama anapenda nini hasa, nikaenda kwenye lile duka la vitambaa. Sasa analiendesha binti wa yule mzee. Nikamwambia ukweli, hela ya boksi zima la siga sina.

"Boksi zima la nini?" akaniambia. "Zitakauka kabla hajazimaliza. Chukua mbili nzuri, halafu mtafutie vifaa. Mama yako anakata ncha kwa kisu cha jikoni, nimemwona kwa macho yangu."

Akanielekeza zinakouzwa moja moja. Nikanunua mbili, na kimkasi cha kukatia ncha, na kiberiti cha njiti ndefu. Kisahani cha majivu nilimpa mama mmoja mfinyanzi anifinyangie, chenye mfereji mpana pembeni, kwa sababu siga haikandamizwi kama sigara, inalazwa ijizimie yenyewe. Nikashona mfuko wa kitenge nikavitia humo vyote. Havikunifilisi, na kila kimoja nilikichagua nikimfikiria yeye.

Siku ya sherehe wakwe watarajiwa wa Eliya walikuwepo, watu wa kanisani sana, wamekaa mbele. Mama akafungua mfuko wangu. Akatoa kimkasi kwanza, akakigeuzageuza, akaanza kucheka peke yake. "Nani kakwambia kisu changu butu?" Kisha akaziona siga, akazinusa. Sijamwona na furaha ile tangu nimekuwa mtu mzima.

Eliya akavuka sebule, akautoa ule mfuko mapajani kwa mama. Akawageukia wakwe zake. "Dada amechanganya mifuko. Hivi ni vya mume wa rafiki yake."

Nikasimama. "Sijachanganya. Ni vya mama. Anavuta siga tangu wewe hujaanza darasa la kwanza."

Mama wa mchumba akaangalia chini. Eliya akaenda jikoni na ule mfuko, na sote tukasikia kisahani kikivunjika kwenye pipa la taka. Mama alipoitwa kukata keki, alikata kipande kimoja tu akarudi kukaa.

Kesho yake Eliya akapiga simu, hata shikamoo hakunipa. "Njoo uwaambie wakwe zangu kwamba ulikuwa utani. Usipokuja, harusini kwangu usikanyage."

"Nitakuja siku utakayomwomba mama msamaha," nikamjibu. Akakata simu.

Nilidhani ugomvi ni wangu na Eliya tu. Jioni mama akaniita, akaongea polepole. "Mwanangu, nimeshamwambia mdogo wako nitawaambia mimi mwenyewe kwamba sivuti. Harusi ipite salama." Yaani mtu wa miaka sabini, aliyetulea peke yake, aanze kusema uongo ili mwanawe aonekane wa maana. Hapo ndipo nilipoumia kuliko nilivyoumia kisahani kilipovunjika.

Jumapili iliyopita nilimnunulia siga nyingine. Akaipokea, akaniambia nifunge mlango kwanza. Wasomaji, mama yangu siku zote anavutia hapo hapo mlangoni, wapita njia wanampa shikamoo naye anaitikia marahaba huku moshi unatoka. Nikamwambia, "Mlango sifungi, mama." Tukatazamana. Akainuka, akaingia chumbani nayo, hajaiwasha.

Kwa hiyo asinishauri mtu kuomba msamaha, siombi. Harusi ni mwezi ujao. Je, niende bila kualikwa, nikae ubavuni kwa mama, na wakwe wakimuuliza niseme ukweli mbele ya wote? Au nikae kimya, nimwache aseme uongo alioukubali mwenyewe? Nishaurini nifanye nini, ila kabla hujaandika, jiulize ungetaka mama yako akae wapi siku hiyo, na akiwa nani.